Maabara yetu ya kemia: shajara ya kuipanga upya, Julai hadi Septemba

9 Julai

Jana msichana wa kidato cha tatu alichomwa kiganja na kioo. Tulikuwa tunatengeneza gesi ya kaboni dayoksaidi, jaribio jepesi kuliko yote ya mwaka: vipande vya marumaru na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Alikuwa anapitisha faneli ya shina refu kwenye kizibo cha mpira. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa baridi, naye alishika faneli juu kabisa, kwenye kikombe chake, akawa anasukuma. Shina likakatika katikati na kipande chenye ncha kikamwingia chini ya kidole gumba. Zahanati wamemshona nyuzi nne. Tabibu alimwambia akunje vidole kimoja kimoja mbele yangu, vyote vikakunjika, na mimi ndipo nikakaa chini.

Hatua mbili kutoka pale alipokuwa amesimama pamebandikwa masharti 18 ya maabara. La 11 linasema vyombo vya kioo vishikwe kwa uangalifu. Mtoto huyu alikuwa mwangalifu. Tatizo ni kwamba hakuna mtu, na hasa mimi, aliyewahi kumwonyesha mkono unakaa wapi.

Jengo letu ni la ile kampeni ya 2014 na 2015 ya maabara tatu kwa kila shule ya kata. Chumba ni kizuri, kina madirisha makubwa na sinki nne. Vifaa viliingia kadiri vilivyoletwa, vikawekwa palipokuwa na nafasi, na ndivyo vilivyo mpaka leo. Fundi sanifu wa maabara hatuna. Mkuu wa shule amenikubalia Jumatano mchana na Jumamosi asubuhi, pamoja na wanafunzi sita wa klabu ya sayansi. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, kwa hiyo kazi iwe imekwisha Septemba.

10 Julai

Nimerudia kosa la juzi mwenyewe, taratibu, nikiwa nimevaa glavu nene za bustani.

Kioo ukikisukuma kimenyooka huvumilia sana. Ukikipinda kidogo tu kinakatika. Mkono ukiwa juu na kizibo kikiwa chini, shina lote la katikati linakuwa kama mpini: kiganja kikiyumba upande kidogo, kioo kinapindika hapo katikati. Kisha mkono, ambao bado unasukuma kwa nguvu zote, unaifuata ile ncha. Ndiyo maana majeraha haya huwa ya kiganja na huwa ya kina.

Tumefanya hivi. Vizibo vyote vya leo vilikaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, vikalainika. Ncha ya kioo tukaipaka gliserini, ile ile tunayopaka miguu ya watoto msimu huu wa baridi. Kioo kikafungwa kwa kitambaa kinene, na kizibo vilevile. Mkono unashika kioo karibu na kizibo, upana wa vidole viwili hivi, halafu unazungusha huku unasukuma polepole, kama mtu anayefunga skrubu. Kizibo kisiwe kwenye kiganja, kiwe kati ya gumba na kidole cha shahada, ili kioo kikitokeza upande wa pili kisikute nyama.

Wanafunzi sita, faneli sita, hakuna iliyovunjika. Wa mwisho alitumia dakika nne nzima na sikumharakisha.

Chupa ya gliserini nimeirudisha kwenye droo ya huduma ya kwanza, na itakaa huko siku zote. Isikae stoo: kule kuna potasiamu pamanganeti, na vitu hivyo viwili vikigusana huwaka moto vyenyewe bila kiberiti.

14 Julai

Usafi mkubwa. Tumetoa meza zote ukutani. Nyuma ya bomba la sinki la tatu tumekuta vipande vya bika mbili, byureti moja (mrija mrefu wa kupimia wenye koki) na testi tyubu nisizoweza kuzihesabu, vimesukumwa ndani kwa makusudi. Vingine vilikuwa ndani ya kopo la chaki. Kimoja kilikuwa chini ya mkeka wa mlangoni, pale kila mtu anapokanyaga.

Niliwauliza wale sita. Walikaa kimya mpaka mmoja akasema, "Mwalimu, ukivunja unalipa. Ukificha hulipi."

Ni kweli. Utaratibu huo niliukuta na nikaufuata miaka yote: jina lako linaandikwa, mzazi anadaiwa. Byureti moja kwa mzazi wa huku ni magunia ya viazi. Mtoto anayejua hivyo akivunja kitu hawezi kuja kwangu. Ataokota vipande kwa vidole vyake, haraka, kabla sijageuka. Kwa hiyo adhabu niliyodhani inalinda vyombo ndiyo iliyokuwa inakata mikono na kutawanya vioo chumbani.

Jioni nimeenda kwa mkuu wa shule na ndoo ya vipande, nikaiweka mezani kwake. Tumezungumza saa nzima. Amekubali malipo yafutwe kwa muhula huu kama majaribio. Badala yake kuna daftari moja, limefungwa kwa kamba kwenye meza ya mbele: kilichovunjika, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini. Jina haliandikwi.

Kuna pia ndoo nyekundu yenye kifuniko, imeandikwa VIOO TU. Vipande vinazolewa kwa brashi na kizoleo, na chembe ndogo zinafutwa kwa pamba iliyoloweshwa. Hakuna kioo kinachoingia tena kwenye pipa la karatasi, maana pipa hilo humwagwa na watoto wa kidato cha kwanza kwa mikono mitupu.

17 Julai

Saa moja na nusu asubuhi kipimajoto cha maabara kilisoma nyuzijoto 11. Njombe mwezi huu ndivyo ilivyo.

Mwanafunzi mmoja alikuja mbio kuniambia asidi imeharibika, imekuwa jiwe. Ilikuwa chupa ya asidi ya asetiki kali. Haikuharibika. Asidi hiyo ikiwa safi huganda ikishuka chini ya nyuzijoto 16.6, na kwa baridi hii lazima igande. Nilipofika stoo tayari mwenzake alikuwa na birika la maji yanayochemka, ameshaliinua.

Nimeshukuru sana kwamba nilifika. Bika zetu zimeandikwa "Boro 3.3". Hicho ni kioo chenye boroni, na hiyo 3.3 ni kiasi kinachotanuka: sehemu 3.3 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kioo cha kawaida, cha dirisha na cha chupa nyingi, hutanuka karibu mara tatu ya hapo. Maji yanayochemka yakigusa chupa ya namna hiyo ikiwa na nyuzijoto 11, upande wa nje unatanuka na wa ndani bado, na chupa inapasuka. Sasa fikiria lita mbili na nusu za asidi ya kuunguza ngozi zikitapakaa miguuni mwa watoto wawili. Mvuke wake nao hushika moto asidi ikifika nyuzijoto 40 hivi, na taa ya spiriti ilikuwa inawaka meza ya pili.

Tumeiweka chupa ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji ya kawaida, tukawa tunaongeza ya uvuguvugu kidogo kidogo, kizibo kikiwa kimelegezwa na madirisha wazi. Ilichukua saa moja na nusu. Kipindi kimepita bila jaribio na silijutii.

23 Julai

Stoo. Siku ndefu.

Rafu ya juu kabisa, ya kufikia kwa kiti, ndiko kulikokuwa na asidi ya salfuriki. Nimeishusha chini, kwenye beseni la plastiki lililoweza kubeba chupa nzima ikimwagika. Sheria niliyowapa wanafunzi ni moja: kimiminika chochote kinachounguza kisikae juu ya usawa wa macho ya mtu mfupi kuliko wote darasani.

Chupa za asidi ya haidrokloriki na amonia zilikuwa zinagusana. Vioo vya chupa zote za jirani vilikuwa na ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Msichana mmoja alikuwa amezifuta kila wiki akidhani ni vumbi. Ni amonia kloraidi: mvuke wa chupa moja unakutana na mvuke wa nyingine na kuwa chumvi hewani. Kwa hiyo tumekuwa tunavuta mvuke wa zote mbili muda wote huo. Sasa zimetenganishwa, moja kabati la kushoto na nyingine la kulia. Asidi ya naitriki imepata kona yake peke yake, mbali na spiriti na mbali na ile asetiki.

Sodiamu haidroksaidi ilikuwa kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo. Kizibo kimeganda kabisa, kwa kuwa alkali hii hula kioo taratibu na kukigandisha kwenye shingo. Hatukuikaza wala kuigonga. Tutatumia iliyobaki kwenye mkebe wa plastiki, na hii itasubiri. Ni sababu ileile inayogandisha koki za byureti ikiwa alkali italala humo usiku. Tangu leo byureti zinasuuzwa kwa maji kabla kengele haijalia, na koki inatolewa.

Kisha nikakuta kitu kilichonikosesha raha mpaka sasa ninapoandika. Nyuma ya mizani kulikuwa na chupa ya maji ya kunywa, ya plastiki, lebo ya kiwanda bado ipo, na ndani yake kimiminika kisicho na rangi. Karatasi ya litimasi ya bluu iligeuka nyekundu papo hapo. Mtu aliizimua asidi, akaikosea chombo, akaiweka akiba. Chumba hiki hiki watoto huingia wametoka kwenye mpira wa miguu wana kiu. Nimezipiga marufuku chupa za vinywaji zisivuke mlango wa maabara, zikiwa na kitu au tupu, za wanafunzi na za walimu. Mwalimu mwenzangu wa baiolojia aliona nimezidisha. Nilimpa ile chupa aishike, nikamwonyesha litimasi. Hakuendelea kubisha.

Kila chombo sasa kina lebo: jina, ukali wake, tarehe, nani alitengeneza, na alama ya hatari, ile pembe nne yenye mpaka mwekundu iliyosimama kwa ncha. Tumeandika kwa penseli na kufunika kwa solotepu, maana wino wa kalamu ya kawaida unaoshwa na tone moja la asidi.

Vimebaki vyombo saba visivyo na jina, pamoja na kipimajoto cha zebaki kilichovunjika, kimekunjwa kwenye karatasi ya daftari. Hatuvinusi, hatuvichanganyi, hatuvimwagi kwenye sinki. Nimeviorodhesha, nimevifungia, na barua imekwenda kwa mkuu wa shule ili iende ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Mbeya. Wao ndio wanaosimamia kemikali kisheria.

31 Julai

Kuosha macho. Nilidhani tuna jibu: ndoo mbili za koki za lita 20, zile za kunawia mikono zilizobaki tangu wakati wa korona. Leo tumezipima kwa saa. Koki ikifunguliwa yote, ndoo moja imekwisha baada ya dakika sita na sekunde kadhaa.

Jicho lililoingiwa na kemikali linahitaji maji yanayotiririka kwa dakika 15 angalau. Vyombo maalumu vya kuoshea macho hutengenezwa vitoe si chini ya lita moja na nusu kwa dakika, yaani lita 22 na nusu kwa mtu mmoja. Ndoo moja haitoshi hata koki ikibanwa.

Jambo la pili nisingelijua bila kujaribu. Kijana mmoja wa klabu alijitolea kuinama chini ya koki akiwa amefumbua macho. Dakika ya pili akajitoa, machozi yanamtoka, meno yanagongana. Maji yalikuwa baridi mno. Mtu mwenye maumivu atafumba macho hata kama umemshika kichwa, na maji yatapita juu ya kope bure.

Utaratibu mpya: ndoo mbili zimewekwa juu ya stuli karibu na sinki ya kwanza, mahali pa kufikiwa hata mtu akiwa haoni. Kila asubuhi yenye vitendo, kiranja wa maabara anachanganya maji ya moto mpaka kipimajoto kisome kati ya nyuzijoto 20 na 25. Ndoo zikiisha kuna mpira kutoka simtanki unaopita dirishani. Tumeufanyia zoezi wakiwa wamefunga macho kwa vitambaa, wenzao wakiwaongoza. Wa kwanza alitumia sekunde 40 kufika. Baada ya kuondoa viti vya njiani, sekunde tisa.

Niliwaeleza pia kwa nini naiogopa alkali kwenye jicho kuliko asidi. Asidi nyingi hugandisha utando wa juu wa jicho, na ule mgando unazuia kidogo isizame. Alkali inayeyusha mafuta na protini za jicho na kuendelea kuzama. Ndiyo hiyo hiyo watengeneza sabuni wa mtaani wanaiita kostiki, na mama kadhaa wa wanafunzi hawa wanaitumia nyumbani. Wawili wameomba wapeleke maelezo haya kwao. Nimewaandikia kwenye karatasi.

6 Agosti

Kuzimua asidi, na kidato cha nne wote wakitazama.

Asidi ya haidrokloriki ya dukani, ya asilimia 36, ina karibu moli 11.6 kwa lita. Kupata lita moja ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, unahitaji sentimita za ujazo 8.6 tu, pungufu ya vijiko viwili vya chai. Nilitaka waone udogo huo, kwa sababu wengi walidhani lazima chupa nzima ije mezani. Sasa chupa kubwa haitoki stoo. Ninapima mimi, karibu na dirisha, nimevaa miwani ya kinga na glavu, na wao wanapokea iliyozimuliwa.

Asidi inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga. Wameimba sentensi hiyo tangu kidato cha kwanza. Leo wameigusa: bika ya maji, sentimita chache za asidi ya salfuriki zikishuka kwenye ukuta wa kioo kama asali nyembamba, na kipimajoto kikipanda mbele ya macho yao. Asidi hiyo ni nzito, karibu mara mbili ya maji. Ukifanya kinyume, maji yanaelea juu yake, joto lote linazaliwa pale yanapokutana, maji yanachemka ghafla na kuirusha asidi usoni. Nilipomaliza kulikuwa kimya. Kijana mmoja akauliza kama ndiyo sababu bika ilikuwa ndani ya beseni la maji. Ndiyo sababu.

20 Agosti

Mitandio ya wasichana inachomekwa ndani ya koti kabla taa ya spiriti haijawashwa. Mikono ya masweta inakunjwa mpaka kiwiko. Taa haijazwi ikiwa inawaka, wala ikiwa bado ya moto: mchana wa jua mwali wake hauonekani, na mtu anaweza kumimina spiriti juu ya moto asiouona.

27 Agosti

Nimeketi na daftari la vilivyovunjika. Limeandikwa kwa miandiko mingi na nimelipenda.

Nilitarajia vyombo vivunjike wakati wa kuchemsha. Sivyo. Vingi vimevunjika kwenye sinki, wakati wa kuosha, na vingine vipindi viwili vya kwanza vya asubuhi. Sababu za asubuhi ziko wazi: "vidole vilikufa ganzi", "sikuhisi kama nimeishika". Za kwenye sinki ni sabuni na zege. Tumekata godoro kuukuu tukalilaza chini ya kila sinki, na kwenye mdomo wa kila bomba tumevisha kipande cha mpira ili byureti ikigonga isigonge chuma. Kwa vidole, kipindi cha kwanza kinaanza na beseni la maji ya uvuguvugu: kila mtu anaingiza mikono, anafuta, ndipo anagusa kioo. Inakula dakika tano.

Pipeti, mirija ya kuvutia kimiminika kwa kipimo. Mipira ya kuvutia tunayo mitano, na wanafunzi ni 43. Wengine walikuwa wanavuta kwa mdomo, kama nilivyofundishwa mimi nikiwa shule. Sitaki kuiona tena. Mwenzetu mmoja ambaye baba yake anafuga ng'ombe wa maziwa alileta sindano ya mililita 50 ya duka la dawa za mifugo. Tumetoa ncha, tukaunganisha kipande cha mpira mwembamba, na inavuta pipeti ya 25 bila shida. Tumenunua kumi. Wanaichomeka kwa kushika pipeti juu, karibu na mdomo wake, kama tulivyojifunza Julai kushika faneli karibu na kizibo.

10 Septemba

Vitendo vya mtihani wa utamilifu. Swali la kasi ya mmenyuko: sodiamu thayosalfeti na asidi, unahesabu muda mpaka alama ya X chini ya bika ipotee. Jaribio hili hutoa salfa dayoksaidi, ile harufu ya kiberiti kinachowaka, na wawili wetu wana pumu. Hao walikaa dirishani. Katikati ya chumba tuliweka ndoo ya maji na magadi ya sokoni, yenye matone ya fenoftalini. X ikipotea tu, mchanganyiko unamiminwa humo na gesi inakoma. Maji yakiwa na rangi ya waridi, magadi bado yapo. Yakififia, kiranja anaongeza kijiko.

Muda wa saa mbili na nusu, wanafunzi 43. Hakuna aliyekohoa mpaka kutoka nje, hakuna jeraha. Imevunjika silinda moja ya kupimia, ikazolewa kwa brashi na kuandikwa daftarini kabla sijafika.

Mbeya wamejibu barua, tunasubiri siku ya kuja. Mkuu wa shule amesema suala la malipo ya vyombo litapelekwa kwenye kikao cha bodi, na ameniomba daftari alipeleke kama lilivyo.

Yule msichana wa Julai kovu lake limekauka. Mchana alikuwa anawafundisha kidato cha kwanza kupitisha mrija kwenye kizibo, amefunga kitambaa, anazungusha taratibu. Nilipofunga chumba nilisoma mstari wa mwisho wa daftari, mwandiko wa mtoto wa hilo kundi: "Testi tyubu 1. Nilidhani imepoa."

Kioo cha moto na kioo baridi vinafanana kabisa kwa macho, na hilo sikuwahi kulifanyia zoezi. Kesho, kipindi cha pili, tunaanza na kuleta mgongo wa mkono karibu bila kugusa.